Mgeni Huishia Dakani

Nyumba niliyolelewa, pale mtaa wa Mkomani, Amu (ndiyo Lamu), ina daka, yaani kiukumbi cha nje ya mlango, lenye baraza mbili za mawe zinazotazamana. Muuza samaki aliishia hapo. Fundi aliishia hapo. Hata ami yangu, mtu wa damu, alipiga hodi dakani akangoja ajibiwe. Ukikaribishwa unavuka mlango na kuingia tekani, kiukumbi cha upande wa ndani, na huko nako unakutana na ukuta: njia ya kuendelea imesogezwa upande makusudi, ili mpita njia asione kiwandani, yaani uani, hata tukisahau kufunga. Kisha misana, vile vyumba virefu vyembamba, kisha ndani kabisa, ambako mimi mwenyewe nilipobaleghe niliacha kuingia ovyo. Nyumba za mawe za Amu nyingi ni za karne ya 18, na waliozijenga walijua jambo moja: si kila anayekujua anastahili kukuona.

Mimi nimewahi kuandika programu isiyojua daka.

Nilikuwa Nairobi, mhandisi wa programu katika kampuni ya mikopo ya simu ambayo sitaitaja. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kipande kifupi, hakifiki mistari arobaini. Mteja akibonyeza "Ruhusu", programu inasoma namba zote zilizomo kwenye simu yake na kuzipeleka kwenye seva yetu, pamoja na majina kama alivyoyahifadhi mwenyewe: Mama, Bosi, Mwalimu wa Madrasa, Fundi Mashua. Niliijaribu kwa simu yangu. Majina 612 yakapanda kabla sijameza funda la kahawa, na kati ya watu hao 612 hakuna hata mmoja aliyepigiwa hodi.

Kikaoni tuliambiwa ni kwa ajili ya kupima kama mkopaji anaaminika. Matumizi yake ya kweli niliyajua siku shangazi aliponipigia kutoka Langoni, mtaa mwingine wa Amu. Kuna kijana amempigia, amemwambia kwamba mama fulani, jirani yake wa zamani, anadaiwa Sh3,000 na hataki kulipa, basi yeye amshauri. Akataja na jina la kampuni. Ilikuwa yetu. Shangazi hakukasirika. Aliona haya yeye, utafikiri deni ni lake. "Sasa mimi nikikutana naye njiani nitazame wapi?" Njia za Langoni punda wawili hupishana kwa taabu, hakuna pa kutazama.

Sikumwambia ile ni kazi ya mikono yangu. Mpaka leo sijamwambia, naye hasomi mambo ya mtandaoni, kwa hiyo wenye kumjua nawaomba mnisitiri.

Msinielewe vibaya, sheria ilikuwapo. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, na sisi tuliijua. Mwanasheria alituongezea aya mbili kwenye yale masharti ambayo hakuna anayeyasoma, tukaendelea na kazi. Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zikawakataza wakopeshaji wa simu kuwasumbua jamaa na marafiki wa mdaiwa. Mwaka 2023 Google nao wakazizuia programu za mikopo kugusa namba na picha za watu. Yaani ilibidi Benki Kuu iamke, na bawabu wa California aamke, ili kuondoa mistari arobaini ambayo mimi ningeweza kukataa kuiandika mchana mmoja tu.

Wakubwa wa dunia hawampigii shangazi simu, ndiyo maana tunawaona wastaarabu. Novemba 2020 Motherboard, gazeti la mtandaoni la habari za teknolojia, waliandika kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyopakuliwa na mamilioni ya watu, ilikuwa ikiipa X-Mode, kampuni ya kuuza data, taarifa za mahali walipo watumiaji wake, na X-Mode ilikuwa na wateja wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Wenye programu wakatangaza kukata uhusiano huo. Sawa. Lakini mtu wa Amu alikuwa akitafuta nini humo? Kuelekea kibla hapa kwetu ni kuelekea kaskazini, nyumba zenyewe zimejengwa zikitazama huko, na adhana hutufikia kutoka misikiti minne kwa pamoja, mmoja ukitangulia kila siku na hatuusemi ni upi.

Halafu ikaja ile mashine ya Worldcoin ya kupiga picha mboni za macho. Julai 2023 watu wakapanga foleni Nairobi kwa takriban Sh7,000. Agosti serikali ikaisimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Wapo waliowacheka wale wa foleni. Mimi sicheki. Wao angalau walilipwa.

Haya yamenirudia kwa sababu mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na hataki kusikia jingine ila kompyuta. Amewaona wageni kule Shela, ufukweni, miguu mchangani, laptopu pajani, na amesikia wanalipwa kwa dola. Nilimweleza kuwa Meta, wenye Facebook, iliachisha kazi watu 11,000 Novemba 2022, na Google ikatangaza 12,000 miezi miwili baadaye. Nikamweleza na ya Nairobi, ambako vijana walisoma machafu ya kila aina siku nzima ili kuifundisha akili bandia ya OpenAI, kwa chini ya dola 2 kwa saa, kama jarida la Time lilivyoripoti Januari 2023. Hiyo nayo huitwa kazi ya teknolojia, na huenda ndiyo itakayomfikia kwanza.

Sikumkataza. Kazi yenyewe ni tamu, siwezi kudanganya. Unakaa na kosa la programu usiku kucha, na alfajiri unagundua kuwa saa ya seva iko nyuma kwa saa tatu na wewe ulikuwa ukihesabu kwa saa za Nairobi. Mafundi wa mashua wa Matondoni wangenielewa. Nilichomwomba ni kimoja: siku akiambiwa aandike kitu cha kuchukua cha mtu, aulize kinakwenda kwa nani, na aulize kikaoni, kwa sauti. Mimi sikuuliza. Niliogopa kuonekana mshamba.

Tulikuwa barazani, jua limeshuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

"Mjomba, na walikuwa wakikulipa pesa ngapi?"

Nikamtajia. Punda aliyebeba saruji akapita, tukainua miguu.

"Kwa mwezi?"

Kwa mwezi.

"Si haba," akasema.