Theluji ya Minneapolis Imeniloweshea Karafuu

Nina umri wa miaka 61, sijapata kuvaa koti la baridi maishani mwangu, na bado kila Ijumaa usiku husomewa taarifa ya baridi ya Marekani nzima kabla sijaruhusiwa kugusa chakula. Haya yalianza pale binti yetu alipoolewa akahamia Minneapolis. Mama watoto aliwekewa programu ya hali ya hewa kwenye simu ili ajue mwanawe anaamkia nini, lakini mji mmoja haukumtosha. Akaongeza Chicago, akaongeza Buffalo kwa sababu shoga wa binti yumo humo, kisha akaongeza Miami, ambako hatuna mtu, nadhani aliipenda tu. Basi mimi, mtu wa Wete, hukaa mbele ya muhogo wa nazi unaopoa, nikijulishwa kwamba Jumamosi Minneapolis itakuwa digrii 15 chini ya sifuri ilhali Miami watu wataoga baharini.

Sikatai kwamba nchi ile ni kubwa. Kutoka pwani hadi pwani ni zaidi ya kilomita 4,000, na Pemba yetu kwa urefu haifiki 70. Lakini hata katika hizo zetu chache mvua huweza kutuzamisha sisi wa Wete huku Chake Chake wameanika nguo, na hilo sijasikia likisomwa mezani kwangu.

Buffalo ndiyo niliyoielewa upesi, kwani mtu wa kisiwani haelezwi mara mbili mambo ya maji na upepo. Upepo wenye baridi kali hupita juu ya Ziwa Erie, ambalo maji yake bado yamebakisha uvuguvugu wa kiangazi, ukachukua mvuke na kuumwaga nchi kavu ukiwa theluji, tena kwa ukanda mwembamba, kiasi kwamba mtaa huu hufukiwa na ule wa pili ukaona jua. Mwisho wa wiki mmoja wa Novemba 2022, pale Orchard Park, kando ya Buffalo, ilirundikana karibu mita 2. Mama watoto alinisimamisha ukutani, akachora mstari wa mkaa juu kabisa ya kofia yangu ili tuone ingenifika wapi. Mstari haujafutika mpaka leo, na kila mgeni huuliza kama ni mafuriko ya mwaka gani.

Aibu kubwa zaidi niliipata barazani. Mkwe wangu aliniambia kwa furaha, «Leo afadhali, baba, tumefika 32.» Nami nikaenda kwenye kahawa nikatangaza kwamba Marekani na Wete sasa tumelingana, kwa kuwa 32 ndiyo iliyokuwa ikitutoa jasho mchana ule ule, na nikaendelea kuwakejeli wanaolalamikia baridi huko kuwa ni wadekaji. Siku tatu nilishikilia hoja hiyo. Siku ya nne mwalimu mmoja wa skuli, baada ya kuniacha nimalize, akaweka kikombe chini na kueleza kwamba Wamarekani hupima kwa Fahrenheit, na 32 yao ndipo maji yanapoganda. Tangu hapo nikiingia barazani husalimiwa kwa kuulizwa, «Leo ngapi, mzee, na kwa kipimo cha nani?»

Sasa lililoniuma hasa ni la Jumamosi iliyopita. Nilikuwa na karafuu uani siku ya nne juani, majamvi mawili yamejaa, rangi imeshakuwa ya hudhurungi, na ukiipinda moja kwa kidole inakatika kwa mlio, alama kwamba imebaki jua moja tu. Saa 10 alasiri, ambayo kwao ni saa 1 asubuhi, mkwe akapiga simu ya picha.

«Shikamoo, baba.»

«Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?»

Akanionyesha gari lake, yaani akanionyesha kilima cheupe akaniapia kwamba ndani yake mna gari. Akanionyesha barabara iliyomwagwa chumvi ili barafu isishike, na mama watoto, aliyekuwa ameegemea bega langu, akauliza kama huko nako kuna mahasidi. Nusu saa nzima tulimtazama kijana wa watu akichota theluji kwa koleo, mimi nikimwelekeza ashike mpini chini zaidi, kana kwamba nimezaliwa humo. Kisha akasimama, akasogeza uso karibu na simu.

«Baba, nyuma yako mbona kumekuwa kweusi?»

Nikamjibu kwamba ni simu yake, asafishe kioo. Wallahi hata sikugeuka. Taarifa pekee ya hali ya hewa ya Wete niliyopata kupewa ilitoka Minneapolis, nami niliikataa.

Tone la kwanza lilinipata shingoni. Mpaka tukamaliza kupigania nani ashike simu na nani aanue, jamvi la pili lilikuwa likielea, na karafuu zinateremka mfereji kwa mfereji kuelekea kwa jirani, ambaye alitoka na ungo.

Nilikuwa bado nimechuchumaa, nakamua jamvi, mama watoto alipokuja mlangoni na simu yake na uso wa faraja.

«Baba watoto, Miami kesho jua tupu.»

Nikamwuliza kama huko Miami wana uwa.