Msiyazime Mayowe ya Hollywood Bowl

Wiki hii nimeirudia tena rekodi ya The Beatles, bendi ya Uingereza, wakiwa Hollywood Bowl, uwanja wa maonyesho wa Los Angeles, na msimamo wangu ni uleule: yale mayowe ndiyo roho yake. Anayetaka The Beatles waliotulia, albamu za studio zipo tele.

Nyimbo zilirekodiwa Agosti 23, 1964, kisha Agosti 29 na 30, 1965. Uwanja ule huchukua watu wapatao 17,000, na mabinti waliojazana humo walipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Jukwaani hapakuwa na spika za kuwarudishia wanamuziki sauti zao. Ringo Starr, huko nyuma kwenye ngoma, alitazama tu jinsi wenzake walivyokuwa wakijitikisa ili ajue wimbo umefika wapi. Ukishalijua hilo, sikiliza "Boys", anaouimba mwenyewe huku akipiga. Mapigo hayayumbi hata kidogo. Zile usiku nyingi za kupiga muziki kwenye vilabu vya Hamburg, Ujerumani, kabla ya umaarufu, hazikwenda bure.

Capitol, kampuni iliyotoa rekodi zao Marekani, walikusudia kutoa santuri, wakaona kelele zimezidi, kanda zikawekwa kabatini. Miaka ilipita ndipo George Martin, mtayarishaji wa rekodi zao, na fundi wake wa sauti Geoff Emerick wakaombwa kuzishughulikia. Mtambo wa kuchezea kanda za aina ile ulikuwa mzee, ukiwashwa unachemka. Wakaleta mashine ya kufyonza vumbi, wakaigeuza ipulize badala ya kuvuta, ikawa inaupoza mtambo huku wao wakihamishia nyimbo kwenye kanda mpya. Santuri ikatoka 1977, nyimbo 13. Kila nikiisikiliza naiwazia ile mashine ikinguruma studioni.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Zama za CD zilipofika, albamu zao za studio zilitolewa zote, hii ikaachwa. Sisi wengine tukabaki na kaseti za kudurufu, zinazokwaruza hadi besi huisikii. Miaka 39!

Septemba 2016 ikarudi. Safari hii kazi ilifanywa na Giles Martin, mtoto wa George, pamoja na Sam Okell, kwa programu ya studio za Abbey Road inayoweza kutenganisha sauti zilizoshikana kwenye kanda moja. Mzee Martin alikuwa amefariki Machi mwaka huohuo. Nilihofia wangefuta umati, lakini wameusogeza nyuma kidogo tu. Besi ya Paul McCartney sasa unaisikia kifuani, na kwenye "She Loves You" wakifika pale pa "uuu", mayowe bado yanapanda mpaka nywele zinasisimka. Kwa hilo nawapa heshima zote.

Ila nyimbo nne zilizoongezwa zimepachikwa mwishoni, baada ya "Long Tall Sally", wimbo waliofungia onyesho la 1964. Watu wameshaaga, halafu eti muziki unaanza upya. Nyimbo zile zilistahili kurudishwa mahali pake.

Kila onyesho lilichukua takriban nusu saa. Yote matatu yanaenea kwenye CD mbili, na nafasi inabaki. Watupe usiku mmoja mmoja, kwa mpangilio wake, bila kukata kitu: salamu za mwimbaji wao John Lennon, vicheko, hata zile sekunde za kukaza nyuzi kabla ya wimbo unaofuata.