Alama ya sawasawa si amri ya kutoa jibu

Wiki iliyopita mtoto wa ndugu yangu, aliye darasa la tano katika skuli moja ya hapa Wete, Pemba, aliniletea daftari lake la hesabu huku uso umemshuka. Swali lilikuwa 9 + 6 = □ + 5, naye alijaza 10. Kalamu nyekundu ilikuwa imeikata ile 10, na pembeni pameandikwa 15. "Ami, mwalimu kasema tisa na sita ni kumi na tano. Hiyo tano ya mwisho eti ni ya swali jengine."

Ya swali jengine! Mtoto amepatia, kwani 10 + 5 nayo ni 15, akakoseshwa, kisha akatungiwa swali ambalo halipo ili kosa la mkosoaji lipate pa kukaa.

Ningependa kusema kwamba hili ni la mwalimu mmoja, lakini sivyo. Tangu darasa la kwanza watoto wetu huiona alama ya sawasawa mahali pamoja tu, mwishoni mwa swali, ikifuatiwa na nafasi ya jibu. Baada ya miaka minne ya mazoezi ya namna hiyo, mtoto huamini kwamba alama ile inamwamuru apige hesabu na kuandika alichokipata. Hajui kwamba inatoa habari: kilichoko kushoto na kilichoko kulia vina thamani moja. Wala si Pemba peke yake. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, wanafunzi 145 wa darasa la sita waliulizwa namba gani ijazwe katika 8 + 4 = □ + 5, na wote, bila kubakia hata mmoja, walisema 12 au 17, ilhali jibu ni 7. Hao hawakukosa vitabu wala madawati. Walikuwa wamefundishwa vibaya kama sisi.

Hata ubaoni alama hii huonewa. Mwalimu anataka 12 ijumlishwe na 8, itolewe 5, kisha izidishwe kwa 2, basi anaandika mstari mmoja mrefu: 12 + 8 = 20 − 5 = 15 × 2 = 30. Jibu la mwisho ni sahihi, na darasa zima linanakili kwamba 20 ni sawa na 30. Robert Recorde, tabibu wa Wales aliyeibuni alama hii mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Sisi tumeifanya mshale wa kuonesha njia.

Madhara yake hujitokeza kidato cha kwanza. Siku mwanafunzi anapokutana na 3x + 4 = x + 10, hana hata pa kuanzia, kwa kuwa kulia hakuna jibu, kuna kazi nyengine. Hapo ndipo anapokaririshwa kwamba namba ikihamishiwa upande wa pili hubadilisha alama, kanuni isiyo na sababu yoyote kwa mtu asiyejua kwamba pande zile mbili zilikuwa sawa. Kisha tunakaa vikao kujiuliza kwa nini watoto wanaichukia hisabati.

Aljebra ingeweza kuanza darasa la nne bila herufi hata moja. Mpe mtoto 47 + 28 = □ + 30 na umkataze kujumlisha. Akikwambia kwamba 28 imeongezwa mbili ikawa 30, kwa hiyo 47 lazima ipunguzwe mbili iwe 45, ameshaingia katika aljebra. Muulize kama jambo hilo lingekuwa kweli kwa namba nyengine zozote, na umwache ajieleze kwa Kiswahili chake. Najua kuwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliipeleka hisabati kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Huo ni ugomvi wa siku nyengine.

Na mifano tunayo tele. Marehemu ameacha shilingi 3,500,000, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na hana mrithi mwengine. Kila mwanamke fungu moja, kila mwanamume mafungu mawili, jumla mafungu saba, basi fungu moja ni shilingi 500,000. Fungu lile halikujulikana, likapewa jina, likahesabiwa kana kwamba linajulikana, mpaka likajulikana. Kijana aliyesoma mirathi madrasa hulifanya hili bila kutetereka, na saa mbili baadaye skuli humwambia kwamba aljebra ni ngumu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye katika karne ya 9 aliandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mirathi na wasia. Elimu hii si ngeni kwetu kiasi hicho.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mtoto asiyeijua jedwali ya kuzidisha hafiki mbali kwa fikra peke yake, na kwamba mwalimu mwenye daftari za darasa lililofurika hana muda wa kumsikiliza kila mmoja akijieleza. Lakini ile 10 haikuhitaji muda. Ilihitaji mtu wa kuisoma sentensi mpaka mwisho.

Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa, kwa hiyo nawalenga zaidi watunga mitihani. Wekeni 63 + 29 = □ + 30 katika mtihani wa darasa la sita, na muwatangazie walimu mapema kwamba litakuwemo. Halihitaji kitabu kipya, wala semina, wala posho ya semina.