Hadithi Haisimuliwi na Mtu Mmoja

Miaka michache iliyopita nilikwenda Newala, kusini mwa Tanzania, kwa bibi yangu mzaa mama nikiwa na nia moja tu, nayo ni kumrekodi kwa simu akisimulia asili ya Wamakonde, kwa kuwa umri wake ulikuwa umesogea na sikutaka kisa kile kiende naye. Nilimketisha chumbani, nikafunga mlango ili kelele za uani zisiingie, nikamwomba aanze. Alisimulia kwa dakika nne, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole, "Inatosha, mjukuu wangu?" Utotoni mwangu hadithi hiyo hiyo ilikuwa ikichukua jioni nzima.

Kwa asiyeijua, kisa chenyewe kinaanzia Mahuta, ambayo leo iko katika wilaya ya Tandahimba, wakati huo ikiwa pori lisilo na watu. Alitokea mtu asiyeoga wala kunyoa nywele, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha pale alipoishi, na usiku sanamu ile ikawa mwanamke aliye hai. Wakashuka hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, mtoto wa pili naye akazaliwa hana uhai. Wakarudi juu Mahuta, na hapo ndipo alipozaliwa mtoto wa tatu, akaishi, akakua. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka sehemu hizi mwaka 1906, alikiandika kisa hiki karibu hivyo hivyo. Kifupi kama kilivyo, kinamjibu mgeni anayeshangaa ni kwa nini watu walichagua kuishi juu ya uwanda usio na mito, na kwa nini vizazi kwa vizazi vya wanawake vilishuka bondeni kuteka maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Chini kulikuwa na maji, lakini watoto waliishi juu.

Kesho yake jioni walikuja majirani watatu kumsaidia bibi kubangua korosho. Walikaa mkekani uani, viganja wamevipaka majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze, kila mmoja akigonga juu ya jiwe korosho zilizokwisha kukaangwa. Bila kuombwa na mtu, bibi akaanza kisa. Alipofika kwa mtoto wa pili, mwenzake mmoja, ambaye walichezwa unyago pamoja, akaushusha mkono wake na kusema, "Si Mbwemkuru, somo. Kwetu tuliambiwa hawakufika mbali hivyo." Bibi akamuuliza, "Kwenu wapi, na aliyekuambia ni nani?" Ikambidi yule bibi amtaje aliyemsimulia, na aliyemsimulia huyo, na kijiji walichotoka kabla ya kuhamia Newala, naye bibi yangu akataja wa kwake, jina kwa jina, hadi kwa mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa nyumbani, kumbe ni mama wa bibi yake. Katika zile dakika nne za chumbani mwanamke huyo hakuwamo.

Tangu jioni hiyo nimeamini kwamba tunakosea tunaposema kumbukumbu za jamii zimo vichwani mwa wazee, kana kwamba kila mzee ni ghala na kazi yetu ni kwenda na ufunguo. Zimo baina yao. Msimulizi wetu huita "Hadithi, hadithi!" na hasogei mbele mpaka aitikiwe "Hadithi njoo," kwa sababu anayeitikia ndiye atakayemrekebisha, na ndiye atakayeulizwa siku msimulizi hayupo.

Nenda msibani uone. Huku kusini mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama alivyotembea, akakohoa kama alivyokohoa, akadai madeni aliyokuwa akiyadai, na waliofiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Akikosea, mtu wa nyumbani humwambia papo hapo kwamba marehemu alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, naye huihamisha. Mtoto aliyesimama pembeni anamjua marehemu kwa namna ambayo picha ya ukutani haiwezi kumpa.

Vita vya Majimaji navyo vimetufikia kwa njia hiyo. Vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na kwa miongo kadhaa maandishi mengi juu yake yalikuwa ya Wajerumani waliovizima. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee, na kwa vinywa vya wazee tukapata kumwelewa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, aliyesimuliwa kuwa alizama majini akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita. Siamini kwamba masimulizi hayo yangedumu muda wote huo kama kila mmoja angeyaweka kimya moyoni mwake.

Kwa hiyo huniuma ninapoona siku ya utamaduni shuleni mzee mmoja akiitwa, akapewa kipaza sauti na dakika kumi, akashukuriwa, akarudishwa kwao. Naziomba shule zetu za Mtwara na Lindi ziwaite wazee watatu au wanne wa koo tofauti, ziwatandikie mkeka, ziwape na kazi ya mikono, kisha watoto wakae karibu na waruhusiwe kuuliza. Simu ziwepo, sina ugomvi nazo, ila zisikae mahali pa mwitikiaji.

Msimu uliofuata niliiweka simu yangu katikati ya mkeka ule ule, nikakaa nami nikabangua. Ninayo sauti ya saa mbili na nusu, yenye mlio wa mawe tangu mwanzo hadi mwisho, mtoto anayelilia mabibo, na ubishi juu ya Mbwemkuru, ambao sikuukata.