Huku wanatupa vitabu, na siku hizi nawaelewa

Jamani wiki ya kwanza huku Leeds, Uingereza, nilikuta toroli mlangoni mwa maktaba limejaa vitabu vya uuguzi, vizima kabisa, karatasi imebandikwa chukua bure, nikabeba vinne mpaka begi likanikata bega. Mkutubi akacheka, akasema hivyo tumeviondoa vimepitwa na wakati, usije ukavitumia kwenye esei. Nikawaza hawa watu wana laana, kitabu kizima unakitupa?

Halafu nikakumbuka kile cha chuoni kwetu. Nilisoma diploma 2014, maktaba ina kitabu kimoja tu cha huduma ya kwanza, jalada limeshikwa na plasta ya wodini, mnakisoma kwa zamu, na ndani kimegongwa muhuri wa maktaba ya Uingereza kwamba kimeondolewa! Humo ndimo nilimokariri kwamba mtu moyo ukisimama unambana kifua mara 15 halafu pumzi 2. Ile hesabu ilibadilishwa 2005 ikawa 30 kwa 2. Nimefika fildi nahesabu kumi na tano zangu kwa sauti, sista wa zamu ananitazama tu.

Kwa hiyo ukiniambia shida ya nyumbani ni uchache wa vitabu nakubishia kidogo, rafu zilijaa, ila hakuna aliyekuwa anafungua kurasa za mwanzo aangalie mwaka. Msaada ukija watu wanapiga picha, vinapangwa, basi, vitakaa hapo mpaka mchwa. Na kinachoniuma zaidi ni Hinari, WHO waliianzisha 2002, majarida kibao ya afya bure au bei chee kwa vyuo vya nchi kama zetu, paswadi anapewa chuo, sisi kule chuoni tulikuwa tunadesa fotokopi ya fotokopi. Nimekuja kuijua Ulaya ambako hainihusu tena!

Si kwamba huku ni peponi. CINAHL, hazina ya mtandaoni ya makala za uuguzi, naingia kwa akaunti ya chuo, nikimaliza masomo nayo inakufa. BNF, kile kitabu chao cha dawa na dozi, ya mtandaoni ya NICE, taasisi ya huku ya miongozo ya tiba, naifungua kiulaini, mdogo wangu anayesoma unesi Muheza nikamtumia linki, ikamgomea kisa yuko nje ya Uingereza, bando lake limekwenda bure. Nikamwambia achana nayo, shika mwongozo wa matibabu wa wizara, dozi za malaria zimo na dawa zenyewe ndizo mlizonazo kabatini.

Vile vinne vya toroli viko chini ya kitanda. Wenzangu wa diploma wananiuliza kila siku mbona sivitumi kwa ajili ya chuo. Situmi ng'o.