Sato wa kizimba asimnyang'anye mlaji dagaa wake

Siku hizi, kila inapozungumzwa biashara ya samaki wa Ziwa Victoria, mazungumzo huishia kwenye vizimba, yaani matundu ya nyavu ya kufugia samaki ndani ya ziwa. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania iligawa boti na vizimba kwa mkopo nafuu kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa, na upande wa Kenya wafugaji wa Kisumu na Homa Bay walikwisha kutangulia kwa miaka kadhaa. Hoja yenyewe ni nzuri: sato wa asili amepungua, walaji wanaongezeka, na samaki anayefugwa anaweza kufika sokoni akiwa na ukubwa unaolingana na kwa wakati uliopangwa. Sina ugomvi na hoja hiyo. Ninachopinga ni kuipanga biashara ya sato kana kwamba haimgusi dagaa, wakati sehemu ya chakula cha samaki wa kufugwa hutokana na dagaa huyohuyo anayeliwa na watu wa kipato cha chini.

Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza katika mavuno ya ziwa hili, ingawa sangara ndiye anayetajwa zaidi kwa sababu ya fedha za kigeni. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa taa za sola, na mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika. Alfajiri akina mama humpokea mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kwa ndoo na kumwanika, na jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Kutoka hapo huingia kwenye magunia hadi soko la Kirumba jijini Mwanza, ambako wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi hukutana na wale wa mikoa ya Tanzania, kisha humfikia mlaji kwa sado, kwa fungu au kwa kikombe. Thamani yake kubwa iko katika kugawanyika huko. Familia isiyoweza kununua sato mzima inaweza kununua kikombe cha dagaa, na kwa kuwa huliwa na kichwa na mifupa yake, mtoto hupata madini ya chokaa na chuma ambayo mnofu peke yake haumpi kwa kiwango hicho.

Tatizo huanzia mchangani. Dagaa wengi bado huanikwa chini, juu ya mchanga wa ufukwe, mahali ambapo kuku, mbuzi na watoto hupita, na ambapo mvua moja ya masika inaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Dagaa aliyenyeshewa au kuchanganyika na mchanga hushuka daraja, naye mnunuzi wa karibu zaidi kwa daraja hilo ni mtengenezaji wa chakula cha mifugo, anayenunua kwa wingi. Kwa upande mwingine, chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji wa samaki, kwa hiyo kiwanda kina kila sababu ya kutafuta protini ya bei ya chini. Hivyo uzembe wetu katika kukausha humwondoa dagaa sahanini na kumpeleka kwenye mashine ya kusaga, na kadiri vizimba vinavyoongezeka ndivyo mvuto huo unavyozidi.

Nitaambiwa kwamba mnunuzi huyo ndiye anayemwokoa mchakataji siku ya mvua, la sivyo angetupa kila kitu. Ni kweli, wala sitaki afukuzwe. Lakini kumwachia mama wa mwaloni soko la dagaa walioharibika kuwa ndilo tegemeo lake ni kumfunga kwenye bei ya chini, ilhali kwa kuanika juu ya kichanja angepata dagaa safi wanaokauka haraka zaidi, na angewauza kwa mlaji kwa bei iliyo bora.

Tulikwisha kuona mialo ikibadilika pale mnunuzi mwenye nguvu alipodai. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo mara kadhaa dhidi ya samaki kutoka ziwa hili, kwanza kwa hofu ya vimelea vya salmonela, kisha kwa sababu ya kipindupindu, na hatimaye kwa taarifa za kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilitikisika, na serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zilihangaika kuimarisha ukaguzi, maabara, barafu, maji safi na sakafu za kupokelea samaki. Sangara alipata hayo yote kwa sababu mlaji wake alikuwa Ulaya, huku wengi wa kandokando ya ziwa wakibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyokwisha kutolewa minofu. Mlaji wa dagaa hana mahali pa kuwekea vikwazo. Akikuta mchanga kwenye mboga yake, huosha tena na kula, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona haraka ya kumjengea chochote.

Sato, kwa bahati nzuri, si mla nyama kama sangara. Kwa asili hula mimea midogo ya majini, na akishavuka hatua ya kifaranga anaweza kukuzwa vizuri kwa chakula chenye soya na mashudu, pamoja na protini ya funza wa nzi wanaofugwa kwa taka za jikoni. Kwa hiyo ningependa kila mkopo wa vizimba uendane na mpango wa chakula unaoonyesha malighafi zinatoka wapi, na viwanda vinavyotumia mazao ya shambani badala ya dagaa wanaofaa kuliwa vipewe nafuu ya kodi.

Ningependa pia vichanja viingizwe kwenye mikopo hiyohiyo. Kichanja ni nguzo, miti ya kulaza na wavu, na gharama yake haikaribii ya kizimba. Vikundi vya akina mama wanaokausha dagaa vipo katika mialo mingi na vinajulikana kwa maofisa uvuvi wa wilaya, kwa hiyo fungu lao lingeweza kutengwa katika bajeti ijayo, likiwemo la ghala lenye paa kwa ajili ya miezi ya masika.