Bwana Afya Kasema Msichemshe Maji

Kwanza muelewe, huku kwetu Arusha mwandishi wa habari na mtu wa afya walikuwa wanakutana kwenye mambo mawili tu, kipindupindu na mbio za mwenge. Nje ya hapo ni kuviziana. Mwandishi anapiga simu jioni anataka takwimu sasa hivi maana habari inaingia hewani baada ya lisaa, mtu wa afya anamjibu lete barua, barua ipite kwa mganga mkuu wa wilaya, iende kwa mkurugenzi, igongwe muhuri, irudi, na mpaka irudi wagonjwa wameshapona wako kijiweni wanacheza bao. Mi ni afisa afya wa kata, wale mnaowaita mabwana afya, kazi yangu ni vyoo, bucha, migahawa na kusutwa na mama ntilie, na kusema ukweli nikisikia mwandishi yuko getini ghafla nakumbuka nina ukaguzi upande wa pili wa kata.

Bas likaja shirika moja likasema hii haiwezekani, tunataka kuwaunganisha. Semina ukumbini, chai, sambusa, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Kila mwandishi akapangiwa mtu wake wa afya wakaambiwa nyie ni mapacha, mkae meza moja, mbadilishane namba, mfundishane kazi. Mi nikaangukia kwa dada mmoja wa redio, mdogo wa mwili lakini sauti yake ikianza hata wapishi kule nyuma wanaacha sufuria. Jina simtaji, hapa tumuite Pacha.

Zoezi la kwanza tubadilishane kazi. Waandishi wapime presha, sisi tuandike habari. Weee! Daktari bingwa mmoja mtu mzima kabisa akaandika kichwa cha habari cha mistari minne, ndani yake kuna mabano mara mbili na maneno "kwa kiasi fulani", tukamuuliza dokta mbona hakiishi akasema bado sijafika kwenye matokeo. Upande wa pili jamaa wa gazeti akampima presha mwenzake akatangaza kwa kujiamini 80 juu ya 120, nesi akamwambia kaka kwa namba hizo ulizogeuza huyo ungekuwa umeshamuitia mchungaji.

Lakini hapakuwa na mzaha tu. Kuna mzee mmoja mwandishi wa siku nyingi alisimama akasimulia ya Loliondo 2011, Mchungaji Ambilikile Mwasapila kule Samunge, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Akasema tuliandika foleni ya magari, tukaandika bei ya nauli, tukaandika nani mkubwa kaenda kunywa, ila kumtafuta daktari tumuulize mgonjwa wa ukimwi akiacha dawa zake za ARV kwa ajili ya kikombe itakuwaje, hilo tulikumbuka tumeshachelewa. Daktari mmoja akamjibu mzee wangu hata mngetutafuta tungewaambia leteni barua. Watu walicheka lakini kile kicheko hakikuwa cha furaha.

Sasa Pacha akanigeukia, bwana afya, nipe habari ya Arusha ambayo kila siku tunaiandika vibaya. Nikamwambia meno.

Tukatoka nje chini ya mti akawasha kinasa sauti na mimi nikamwaga maneno kama bomba la maji lililopasuka, maana tangu niajiriwe sijawahi kuulizwa hili swali na mtu asiyetafuta ugomvi. Nikamwambia yale meno ya kahawia ambayo tukifika Dar tunaulizwa "we wa Arusha eee" si uchafu, ni madini ya floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano huku Meru inaingia kwenye maji, ukienda kule panapoitwa Maji ya Chai ndo usiseme. Inampata mtoto ambaye meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yakija kutoka yametoka na rangi yake tayari, sugua mpaka mswaki uote kipara hayabadiliki. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaenda kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 kwa sababu tungesema 1.5 tungefunga nusu ya mabomba. Na ile magadi tunayotia kwenye makande yaive haraka nayo inaongeza.

Akauliza, je mtu akichemsha? Nikajibu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, nikasema: chemsheni maji kila siku kwa sababu ya vijidudu, taifodi, kipindupindu, kuhara, hilo halina mjadala, lakini kwa upande wa floraidi ukichemsha maji hujasaidia kitu, unazidisha tu, maana maji yanapungua kwa mvuke madini yanabaki sufuriani.

Pacha akashukuru, tukala wali, tukasaini nauli, tukaondoka mapacha.

Asubuhi ya kesho yake niko kwenye haisi natokea Ngaramtoni, konda kaweka redio, naisikia sauti ya mtangazaji: "Bwana afya jijini Arusha awataka wananchi kuacha kuchemsha maji." Nikawaza huyu bwana afya wa wapi tena, mjinga kiasi hiki. Halafu ikaingia sauti yangu. Sauti yangu mimi! "Ukichemsha maji hujasaidia kitu, unazidisha tu." Basi. Likafuata tangazo la mabati.

Mama mmoja kiti cha mbele akasema afadhali, mkaa wenyewe bei gani sa hivi. Konda akasema serikali siku hizi inatujali. Mi nikavuta kofia nikashukia Sakina wakati nilikuwa naenda mjini.

Ofisini simu inaita tayari, mganga mkuu wa wilaya. Hakusalimia. Akaniuliza taratibu, bwana mdogo, naomba unifahamishe, wewe umeajiriwa na halmashauri au na kipindupindu?

Nikasema niende site nikapoze. Nafika kwa mama ntilie ambaye nilishamwandikia faini kwa kuuza maji ya kunywa yasiyochemshwa, nikamkuta kasimama mikono kiunoni, simu iko juu ya meza ya chapati, karekodi ile taarifa na anairudia kwa kila mteja. "Shikamoo dokta," mama wa umri wa kunizaa ananipa shikamoo, nikajua leo nimekwisha. "Naomba faini yangu. Na riba." Kijiwe cha pembeni niliagiza chai ikaja ya uvuguvugu, kijana ananiambia kwa adabu zote, tumechemsha kidogo tu dokta, tusiikaidi serikali.

Pacha nilipompata alikuwa analia. Kumbe yeye kipande alichopeleka kilikuwa na kila kitu, vijidudu vimo, taifodi imo, ila studio walitaka sekunde ishirini ili mabati yaenee, jamaa wa kuhariri akachukua pale palipokuwa na sauti kali. Akasema twende, nimeomba kipindi jioni, utasahihisha mubashara hamna mtu wa kukukata.

Nikaenda. Headifoni masikioni, nikasahihisha vizuri sana, chemsheni maji, nikarudia, nikarudia tena. Mtangazaji akauliza sasa hiyo floraidi itolewe na nini, nikasema zipo njia, mojawapo ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi, unachuja maji mkaa unaishika floraidi. Simu zikafunguliwa. Wa kwanza yuko Kwa Mrombo, mifupa ya supu inafaa? Wa pili mzee wa Kaloleni, ng'ombe mwenyewe kachinjwa na nani? Swali la maana kabisa hilo, mimi nilikuwa sijajiandaa. Wa tatu mama wa Njiro halagi nyama, anauliza kama akinywa hayo maji bado anahesabika halagi nyama. Hapo jasho linanitoka, nikasema ndugu wasikilizaji jambo la muhimu kuliko yote, mifupa hiyo inachomwa kwenye tanuru maalumu, moto wa kipimo na hewa ya kipimo, kwa hiyo nawaombeni sana msijaribu...

Ikapiga saa kamili, mlio wa taarifa ya habari ukaingia, maikrofoni ikazimwa.

Kesho yake bucha zote za mtaani hazina mfupa. Jamaa mmoja wa bucha ambaye mifupa mikavu alikuwa anawapa wenye mbwa bure sasa anapima kwenye mzani, akaniona akaninyooshea dole gumba kwa mbali, nimekuwa mtu wake. Mbwa wa mtaa mzima walikuwa wananiangalia, nyie mnaweza kucheka ila mi niliona. Usiku moshi kila ua, harufu ya nyama choma lakini nyama hamna. Mzee mwenye nyumba yangu akagonga mlango na glasi mkononi, maji meusi, yana vitu vinaelea, akasema mwanangu nimefuata redio neno kwa neno, kachuja mama mwenyewe kwa kitambaa, onja uniambie floraidi imetoka? Kodi yangu ilikuwa imepitiliza. Nikaonja. Floraidi sijui, ila ladha ilikuwa mshikaki ulioanguka kwenye majivu. Halafu ikabidi nimweleze polepole kwamba mfupa ukichomwa vibaya ndo unatoa maji ya hivyo, na tanuru si jiko la mkaa, akanisikiliza mpaka mwisho akasema sawa, lakini hiyo sehemu mbona redioni haikuwepo.

Baada ya hapo mi na Pacha tukakaa chini bila shirika, bila sambusa. Yeye akasema kuanzia leo kipande kile kile kitakachotoka hewani, sio habari nzima, kile kipande, nitakupigia nikusomee kabla hakijatoka. Mimi nikatengeneza sentensi fupi isiyokatika: "Chemsha maji kuua vijidudu, floraidi haitoki kwa kuchemsha." Nikaifanyia mazoezi bafuni mpaka watoto wakaishika. Mhariri ajaribu kuikata hiyo tuone anaanzia wapi. Ikarushwa wiki nzima, hata mama ntilie akarudisha sufuria jikoni, ingawa faini yake mpaka leo ananidai.

Shida Pacha ni mtu wa neno. Anathibitisha kila kitu, saa yoyote.

Juzi kati nimeshuka Moshi, kule Chekereni, tumempeleka mdogo wangu posa. Wazee wamekaa, mbege imemiminwa, mshenga ndo anakohoa aanze. Simu ikaita. Spika yangu ya sikioni imekufa, nikipokea lazima isikike kwa wote, na nisipopokea anapiga mpaka chaji iishe. Nikapokea.

"Bwana afya samahani, naingia hewani sa hivi, nikusomee. Ulisema choo cha shimo kikiwa chini ya mita thelathini kutoka kisimani, kinyesi kinaweza kusafiri chini kwa chini kikaingia kwenye maji ya kunywa. Ni sahihi?"

Kimya. Baba wa binti kata ya mbege iko mdomoni, akaishusha. Akauliza mbege hii maji yametoka wapi. Mtu akajibu kisimani hapo. Na choo cha jirani kiko wapi. Wakatazamana. Mzee akainuka na fimbo yake, wazee wote nyuma yake, posa ikabaki na mimi, mshenga na mdogo wangu aliyekuwa ananiangalia kwa macho ambayo sitayasahau. Kule nje wanapima kwa hatua, mmoja kafika ishirini na tatu, mwingine anasema ishirini na nane, jirani katokeza dirishani anauliza kuna nini mbona mnapima kiwanja changu, mara naskia mtu anataja mwenyekiti wa kijiji na mpaka wa tangu enzi za babu.

Mimi nimeinamisha kichwa. Simu bado iko mezani, na sauti ya Pacha ikatoka humo wazi kabisa:

"Bwana afya, hapo kwenye ishirini na tatu na ishirini na nane, niandike ipi? Na hizo ni hatua za mzee au za kijana?"